Nati moja, namba tatu: jinsi ya kusoma torki ya newtoni, kilo na paundi

Anayetafuta Land Cruiser ya injini ya 1HZ hachelewi kukutana na fumbo hili. Tangazo moja linasema torki ya injini hiyo ni 285. La pili linasema 210. Karatasi iliyokuja na gari kutoka Japani inasema 29.1. Hapo ndipo ubishi wa kijiweni unapoanza: mmoja ataapa kwamba yenye 285 ni toleo la nguvu lililotengenezewa nchi fulani, mwingine atasema 29.1 ni kosa la uchapaji. Hakuna toleo wala kosa. Injini ni ile ile, ila imepimwa kwa newtoni mita, kwa futi-paundi na kwa kilo-mita.

Kijiweni kosa hilo halimdhuru mtu. Chini ya boneti linadhuru, kwa sababu vipimo hivyo hivyo ndivyo fundi anavyotumia kukaza nati, na tofauti kati ya kimoja na kingine huanzia theluthi moja hadi mara mia.

(Mafundi wengi hutamka toki. Hapa tunaandika torki ili isichanganyike na ile ya "toki jana".)

Torki ni nini hasa

Torki ni nguvu ya kuzungusha, ile ambayo fizikia ya darasani huiita momenti ya kani. Huundwa na vitu viwili vinavyozidishwa: ukubwa wa msukumo, na umbali kutoka pale kitu kinapozungukia hadi pale unaposukuma. Mlango unaeleza yote. Ukiusukuma kwenye kitasa unafunguka kwa kidole. Ukiusukuma sentimita tano kutoka kwenye bawaba, utatoa jasho. Torki inayohitajika kuufungua ni ile ile. Umbali ndio uliopungua, kwa hiyo msukumo hauna budi kuongezeka.

Sasa tuhamie kwenye tairi. Chukua wili spana yenye mkono wa sentimita 40, ivalishe kwenye nati ya tairi ikiwa imelala sawa na ardhi, kisha tundika kiroba cha unga cha kilo 25 kwenye ncha yake. Kilo 25 mara mita 0.4 ni 10. Nati imepata torki ya kilo-mita 10, yaani karibu newtoni mita 98. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo zinatakiwa newtoni mita 103. Kwa hiyo kiroba kimoja, na kilo moja na robo juu yake, ndiyo torki kamili ya nati ya tairi.

Sasa mtoe kiroba, mpandishe kijana wa kilo 75 asimame kwenye ncha ile, bila hata kuruka: 75 mara 0.4 ni kilo-mita 30, sawa na newtoni mita 294. Karibu mara tatu ya inayotakiwa. Nati iliyokazwa hivyo ndiyo inayomfanya dereva alale njiani na spea tairi ikiwa imelala buti, na ndiyo inayovuta bolti ya habu mpaka siku moja inabaki mkononi pamoja na nati yake. Diski ya breki nayo inaweza kupinda kidogo kwa sababu upande mmoja umebanwa kuliko mwingine, na dereva akasikia usukani ukitetemeka kila akishika breki.

Sharti moja la hesabu hii lisisahaulike: msukumo lazima ukate mkono wa spana kwa pembe mraba. Spana ikiwa imeinama kuelekea chini, kiroba kile kile kinatoa torki ndogo zaidi.

Koo tatu za vipimo

Ukoo wa kwanza ni wa newtoni. Newtoni moja ni karibu uzito wa gramu 102, tuseme mayai mawili madogo. Mayai hayo yakining'inia kwenye ncha ya fimbo ya mita moja, torki kwenye shina la fimbo ni newtoni mita moja, na alama yake ni Nm au N·m. Hiki ndicho kipimo rasmi cha kimataifa.

Ukoo wa pili ni wa kilo. Kilo moja ikining'inia kwenye fimbo ya mita moja ni kilo-mita moja, ambayo haina undugu wowote na kilomita ya barabarani. Utaiona imeandikwa kgf·m, kg-m au mkg. Herufi f hapo inasimamia kani: inakumbusha kwamba kinachohesabiwa ni uzito wa kilo, yaani jinsi dunia inavyoivuta. Mvuto huo ulikubaliwa kimataifa mwaka 1901 uhesabiwe kuwa newtoni 9.80665 kwa kila kilo. Kwa kazi ndogo umbali hupimwa kwa sentimita badala ya mita, tukapata kilo-sentimita, kgf·cm. Kilo-sentimita 100 ni kilo-mita 1.

Ukoo wa tatu ni wa Waingereza, ambao Wamarekani wameushikilia hadi leo: paundi, ambayo wazee wetu waliiita ratili, na futi. Paundi moja kwenye mkono wa futi moja ni futi-paundi moja. Kwa vitu vidogo hutumika inchi badala ya futi, tukapata inchi-paundi. 12 kati yake hufanya futi-paundi 1, kwa kuwa futi moja ina inchi 12.

Alama za ukoo huu ndizo zinazochosha. Kuna lb-ft, ft-lb, lbf·ft, ft·lbf. Wapo wanaodai kwamba paundi ikitangulia ni torki na futi ikitangulia ni nishati, na kwenye vitabu vya uhandisi desturi hiyo ipo. Kwenye kitabu cha gari zote nne ni kitu kimoja na namba haibadiliki. Kinachobadilisha namba ni pale unapoona "in" badala ya "ft".

Kwa nini koo zote tatu zinakutana kwenye gereji zetu? Kwa sababu magari yetu yametoka kwa mabwana tofauti. Land Rover za zamani, Bedford na trekta za Massey Ferguson zilikuja na vitabu vya futi-paundi. Magari ya Japani yalikuja na kilo-sentimita na kilo-mita, kwa kuwa Japani ilihama rasmi kwenda newtoni mwaka 1999 tu, na magari mengi yanayozunguka mijini leo yalibuniwa kabla ya hapo. Vitabu vya zamani vya Kijerumani huandika mkg au mkp. Vya Peugeot za zamani, zile 504 zilizobeba abiria na mizigo Kenya nzima, huandika daNm, yaani newtoni mita kumi kumi: 1 daNm ni 10 Nm, na kwa macho ya haraka inafanana mno na kilo-mita. Kufanana huko si bahati. Tofauti yake na kilo-mita ni asilimia 2 tu, na kwenye nati hutaihisi.

Hesabu yenyewe

Chanzo cha namba zote ni makubaliano. Tangu mwaka 1959 nchi zinazozungumza Kiingereza zilikubaliana kwamba paundi ni kilo 0.45359237 kamili, na futi imewekwa kuwa mita 0.3048. Zidisha 0.45359237 kwa 9.80665 upate newtoni 4.448 za paundi moja. Zidisha tena kwa 0.3048 upate 1.356. Basi: futi-paundi moja ni newtoni mita 1.356. Zilizobaki hutoka humo humo:

1 ft-lb = 1.356 Nm = 0.138 kg-m
1 Nm = 0.738 ft-lb = 8.85 in-lb = 10.2 kg-cm
1 kg-m = 9.81 Nm = 7.23 ft-lb
1 in-lb = 0.113 Nm
1 kg-cm = 0.098 Nm

Kwenye gereji mikono ina grisi na simu iko mbali, kwa hiyo kuna njia za kichwani ambazo zinatosha kabisa.

Kutoka futi-paundi kwenda newtoni mita, ongeza theluthi yake, kisha ongeza 1 kwa kila 45. Chukua 76. Theluthi yake ni 25.3, jumla 101.3. Kwenye 76 kuna 45 moja na zaidi ya nusu, ongeza 1.7. Umepata 103. Kurudi nyuma ni rahisi zaidi: toa robo. Robo ya 103 ni karibu 26, inabaki 77, na jibu kamili ni 76. Kukosea moja kati ya 76 hakuna nati itakayolalamika.

Kutoka kilo-mita kwenda newtoni mita, ongeza sifuri kisha punguza asilimia 2. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Vitz na Corolla nyingi imeandikwa kwenye karatasi za Japani kuwa na torki ya 14.4. Ongeza sifuri, 144, toa 2.9, inabaki 141. Ndiyo Nm 141 unayoiona kwenye matangazo mengine ya magari hayo hayo. Kwa kilo-sentimita fanya kinyume: futa tarakimu moja ya mwisho, kisha punguza asilimia 2. 1,050 inakuwa 105, inakuwa 103.

Angalia kilichotokea: 76, 1,050 na 103 ni torki moja, ile ile ya nati ya tairi. Hivyo ndivyo kitabu cha Toyota kinavyoiandika kwenye mstari mmoja: 103 N·m (1,050 kgf·cm, 76 ft·lbf). Kitabu kikikupa zote tatu huna haja ya hesabu yoyote. Chagua ile inayolingana na alama iliyochorwa kwenye spana yako ya torki, ile unayoiwekea namba nayo hulia torki ikifika, sahau nyingine.

Kilo-mita kwenda futi-paundi, zidisha kwa saba na robo. 29.1 ya Land Cruiser inakupa 211, na tangazo linasema 210.

Kuna tabia moja ya kuacha: kubadili namba iliyokwisha kubadilishwa. Mtu anatoa futi-paundi kwenye mtandao, anaigeuza newtoni, fundi mwingine anaigeuza kilo, na kila mmoja anakata desimali njiani. Ikiwa gari ni la Kijapani la miaka ya 1990, namba iliyotoka kwa mhandisi ni ile ya kilo-sentimita; ndiyo maana ni namba ya duara kama 1,050, 300 au 180. Zilizo pembeni yake ni tafsiri. Kwenye Land Rover ya zamani, asili ni futi-paundi. Anzia kwenye asili.

Wala usifukuze desimali. Kikokotoo kitakuambia 102.97 na fundi makini atataka kuiweka. Spana ya torki nzuri, iliyopimwa, inaruhusiwa na kiwango cha ISO 6789 kukosea asilimia 4 juu au chini. Kwa 103, hiyo ni kati ya 99 na 107. Desimali inapotea ndani ya kosa la chombo chenyewe.

Mtego ulio ukurasa ule ule

Hadi hapa makosa yote yalikuwa ya theluthi moja. Anayekosea kati ya Nm na futi-paundi, akakaza 103 upande wa paundi, amefikisha Nm 140 badala ya 103. Ni mbaya, lakini bolti ya tairi huenda ikavumilia. Mtego unaokata bolti papo hapo ni mwingine, na uko kwenye kitabu chenyewe.

Fungua kitabu cha Toyota kwenye ukurasa wa kufunga sehemu ya juu ya injini. Bolti kubwa zimeandikiwa futi-paundi kwenye mabano. Ukishuka mistari miwili, kwenye vibolti vya milimita 6 vinavyoshika kifuniko, unakuta: 9.0 N·m (92 kgf·cm, 80 in·lbf). Kipimo kimebadilika katikati ya ukurasa, bila onyo, kwa herufi mbili tu. Macho yaliyozoea ft yanasoma 80 na mkono unaweka 80 kwenye spana kubwa ya futi-paundi. Hizo ni newtoni mita 108. Zaidi ya torki ya nati ya tairi, kwenye kibolti chembamba kama kalamu.

Kibolti hicho hakitafika hata robo ya hapo. Kama kimeingia kwenye chuma, kichwa chake kitakatika na shina litabaki ndani. Kama kimeingia kwenye aluminiamu, kama ilivyo kwenye silinda hedi nyingi, hesi za aluminiamu, yaani mifereji ya tundu inayoshika bolti, ndizo zitakazotoka zikiwa zimejiviringisha kwenye kibolti kama waya. Na spana haitalia hata mara moja, kwa sababu inasubiri 80 yake. Fundi ataendelea kuvuta akingoja mlio usiokuja.

Kwa nini mtengenezaji abadilishe kipimo? Kwa sababu futi-paundi ni kubwa mno kwa kazi hiyo. Newtoni mita 9 ni futi-paundi 6.6. Ukiikata iwe 7 umeongeza asilimia 5 kabla hujashika spana. Ukiikata iwe 6 umepunguza karibu asilimia 10. Inchi-paundi inatoa namba nzima bila kupoteza kitu. Nia ilikuwa njema.

Dawa yake ni kulinganisha na ukubwa wa bolti kabla ya kulinganisha na kitabu. Bolti ya kawaida ya milimita 6 inataka karibu Nm 10. Plagi ya milimita 14 kwenye hedi ya aluminiamu haifiki mbali na Nm 30, na plagi ndogo ya milimita 10, kama zile za pikipiki nyingi za bodaboda, inataka 10 hadi 12 tu. Nati za tairi za gari dogo huzunguka kwenye 100. Namba uliyopata ikiwa mara kumi na mbili, mara kumi au mara mia ya hizo, hukukosea hesabu. Ulisoma kipimo sicho. Mara 12 ni inchi na futi. Mara 10 ni kilo-mita na newtoni. Mara 100 ni kilo-sentimita na kilo-mita.

Kosa la mara 10 lina ubaya wa aina yake kwa sababu huenda upande wa kulegea. Kitabu kinasema 10.5 kwa nati ya tairi, fundi anaweka 10.5 upande wa Nm, spana inalia mapema, naye anaridhika kwamba imelia. Tairi hilo limeshikwa na sehemu moja kwa kumi ya mbano wake.

Kuna namba nyingine inayoingia kwenye mstari wa torki bila kuwa torki. Silinda hedi za injini za Toyota 4A-FE na 1NZ-FE hukazwa kwa Nm 29 (300 kgf·cm, 22 ft·lbf), kisha 90°, kisha 90° tena. Hizo 90 ni nyuzi: robo ya mzunguko, na tena robo. Hazibadilishwi kwa kipimo chochote, na hakuna toleo la paundi la nyuzi. Atakayeona 90 akaweka Nm 90 kwenye spana amefanya kazi tofauti kabisa na iliyoandikwa, na gasketi ndiyo itakayomwambia, baada ya wiki chache, maji yakianza kupungua. Njia ya kuhesabu nyuzi ni kuweka doa la rangi kwenye kichwa cha kila bolti baada ya hatua ya kwanza, yote yakielekea mbele ya injini, kisha kuzungusha mpaka madoa yaelekee pembeni, na mwisho nyuma.

Kuweka namba kwenye spana

Spana ya torki ya kulia, ile inayotoa "ta!" ikifika, huwa na mistari kwenye shina na pete yenye namba kwenye mshikio. Upande mmoja wa shina umeandikwa Nm, wa pili ft-lb. Kwanza hakikisha unasoma upande upi. Spana zikichakaa alama hizo ndizo zinazofutika mapema, na hapo inafaa kuzichonga upya kwa msumari.

Pili, usidhani mistari hupanda kwa kumi. Kwenye spana ambayo mistari ya Nm hupanda kwa 14, utasoma 28, 42, 56, 70, 84, 98, 112. Ili upate 103, zungusha mshikio mpaka ukingo wa pete ukae kwenye mstari wa 98 huku sifuri ya pete ikiwa juu ya mstari wa katikati. Kisha endelea kuzungusha mpaka pete isome 5. 98 na 5 ni 103. Funga loki iliyo chini ya mshikio, la sivyo mshikio utateleza ukiwa unavuta.

Vuta taratibu ukishika katikati ya mshikio, na ukisikia mlio, acha. Wale wanaoilizisha mara tatu "kwa uhakika" huongeza torki kila mara, hasa wakivuta kwa kishindo. Usiitumie kufungulia nati. Ukimaliza, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, si chini ya hapo, ili springi ndani isikae imebanwa. Na usiitegemee kwenye mwanzo wa kipimo chake: spana ya hadi 210 si ya kukazia kibolti cha Nm 9 hata ukiweza kuishusha.

Bomba la kurefusha ni suala linalozua maneno mengi. Kirefusho kinachosimama wima kati ya soketi na spana, kwenye mhimili wa bolti, hakibadilishi torki. Kinachobadilisha ni kichwa cha kuongezea mbele ya spana, kinachourefusha mkono. Hapo zidisha torki unayotaka kwa urefu wa spana, kisha gawa kwa urefu wa spana pamoja na nyongeza. Spana ya sentimita 45 yenye nyongeza ya sentimita 5, kwa 103: 103 mara 45 gawa kwa 50 ni karibu 93. Weka 93, nati itapata 103. Nyongeza ikikaa pembe mraba na spana, acha namba kama ilivyo.

Na oili? Sehemu kubwa ya torki, karibu tisa kwa kumi, huliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti na kwenye hesi. Moja tu kwa kumi ndiyo inayovuta bolti na kuleta mbano. Sasa pakaza oili: tuseme msuguano umeshuka ukala 85 kati ya 100 badala ya 90. Torki ni ile ile, lakini bolti imepata 15 badala ya 10, nusu zaidi. Kwa hiyo kitabu kikisema paka oili, paka. Bolti za silinda hedi nyingi zinataka hivyo. Kikinyamaza, hasa kwa nati za tairi, kaza zikiwa kavu na safi. Fundi anaweza kubadili vipimo kwa usahihi wa desimali tatu kisha akaharibu yote kwa tone moja la oili.

Bila spana ya torki

Mizani ya kuning'iniza ya ndoano, ile ya wauza mahindi na samaki, inatosha kwa nati za tairi. Pima mkono wa wili spana kutoka katikati ya nati hadi pale utakapofunga ndoano. Ikiwa ni sentimita 40, gawa 1,050 kwa 40: unahitaji kilo 26. Funga ndoano, vuta kwa pembe mraba mpaka mizani isome 26. Hapa ukoo wa kilo unaushinda wa newtoni kwa urahisi, kwa kuwa mizani imekwisha kuzungumza lugha ya kitabu. Kaza kwa kuruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, usizunguke kwa mpangilio wa saa, na urudie kuzikagua baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu zikiwa zimepoa.

Kwa hesabu hiyo hiyo unaweza kuikagua spana ya torki yenyewe. Kiwango kinataka ipimwe kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, na spana nyingi za gereji hazijawahi kupimwa tangu ziliponunuliwa. Bana kichwa cha mraba cha spana kwenye jiliwa, mkono ukilala sawa na ardhi. Jaza dumu la lita 20. Maji ni kilo 20, dumu lenyewe lipime, tuseme jumla ni kilo 21. Litundike polepole katikati ya mshikio, sentimita 45 kutoka kwenye kichwa. 21 mara 0.45 ni kilo-mita 9.45, yaani Nm 93. Ongeza Nm 3 hivi kwa uzito wa spana yenyewe: 96.

Anza na spana ikiwa imewekwa 80, dumu litailiza. Shusha dumu, panda kidogo kidogo, tundika tena, mpaka ufike namba ambayo hailii. Ikiacha kulia karibu na 96, ni nzima. Ikiacha kulia mapema, tuseme kwenye 88, basi inakaza zaidi kuliko inavyosema: mpaka itakapopelekwa kupimwa, kwa nati ya 103 iwekwe 94, na namba hiyo iandikwe kwenye plasta ibandikwe juu ya kasha lake, pamoja na herufi mbili za kipimo.